Pasi iliyoingia kikapuni: ni pointi ngapi, na za nani?

Swali: Naandika skoashiti, yaani karatasi rasmi ya pointi, kwenye ligi ya mpira wa kikapu ya mkoa wetu. Mchezo mmoja ulituchanganya mara tatu. Kwanza, gadi, mchezaji anayepanga mashambulizi, alikuwa nje ya mstari wa pointi tatu, akampigia mwenzake pasi ya juu amalizie kwa danki, yaani autumbukize kikapuni kwa mkono kutoka juu. Mwenzake hakuufikia, mpira ukaingia wenyewe. Mwamuzi akatoa tatu, kocha wa wapinzani akasema pasi si shuti, ziwe mbili. Pili, beki aliruka kuufukuza mpira uliogonga ringi baada ya mtupo huru wa mwisho, akautumbukiza kwenye kikapu chake mwenyewe. Sikujua nimwandikie nani, wala kama ni pointi moja au mbili. Tatu, zilibaki sekunde 0.2, mpira ukarushwa kutoka nje, mchezaji akaudaka, akageuka, akafunga, na honi haikuwa imelia. Kikapu kikakataliwa. Je, waamuzi walikuwa sahihi?

Jibu: Walikuwa sahihi katika tukio la kwanza na la tatu; la pili hukusema waliamuaje, basi nitakueleza linavyohesabiwa na kuandikwa. Najibu kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ndizo zinazotumika katika ligi za Tanzania, Kenya na majirani zetu. Wengi tumeujua mchezo huu kwa kutazama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na NBA ina kanuni zake. Nitazigusa pale tu zinapowachanganya watu uwanjani.

Tuanze na ile pasi, maana ndiyo inayozua ugomvi mkubwa kuliko yote.

Thamani ya kikapu haiamuliwi na nia ya mchezaji. Inaamuliwa na mahali alipokuwa wakati mpira unamtoka mkononi. Kanuni haiulizi kama alitaka kufunga au alitaka kutoa pasi. Gadi wako aliuachia mpira akiwa katika eneo la pointi tatu, mpira ulikuwa hai, ukaingia kikapuni kutoka juu: ni pointi tatu, zake yeye gadi. Tafsiri rasmi za FIBA zinaenda mbali zaidi. Hata kama pasi ile ingemgusa mchezaji yeyote njiani, au ingedunda sakafuni ndani ya eneo la pointi mbili kisha ikaruka na kuingia, bado ni tatu, kwa sababu ilitoka mkononi nje ya mstari.

Kocha aliyepinga alikuwa na hoja ya kweli, ila aliipeleka mahali isipohusika. Tofauti kati ya pasi na shuti ipo, na ni kubwa, lakini haihusu idadi ya pointi. Inahusu ulinzi wa mpira ukiwa hewani. Mpira wa shuti ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni, ukiwa wote juu ya usawa wa ringi, haugusiki: si na beki, si na mshambuliaji. Ni hivyo hivyo ukishagusa ubao ukiwa juu ya usawa huo. Akiugusa beki, pointi zinatolewa kana kwamba umeingia. Akiugusa mshambuliaji, hakuna pointi na wapinzani wanapewa mpira. Kosa hili waamuzi wetu huliita goltendingi. Pasi haina kinga hiyo. Kwa hiyo katika tukio lako, kama beki angeruka na kuupangua mpira ule ukiwa unashuka sentimita chache juu ya ringi, asingekuwa na kosa lolote. Na kama mwenzake gadi angeufikia palepale juu ya ringi na kuusukumia ndani, kikapu kingekuwa halali, lakini sasa kingekuwa cha pointi mbili na cha huyo aliyemalizia.

Ni mpira mmoja, basi, wenye sura mbili: ukiingia wenyewe ni pointi tatu kamili, lakini ukiwa njiani yeyote anaruhusiwa kuuchukua. Mwamuzi analazimika kuamua papo hapo kama ni pasi au shuti, na anaamua kwa kutazama mikono na macho ya aliyerusha na mkao wa anayekimbilia kikapuni. Uamuzi huo anaufanya tu kama kuna mtu aliyeugusa mpira juu ya ringi. Kama hakuna aliyeugusa, swali la pasi au shuti halipo kabisa.

Sasa miguu. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni na macho ya kila mtu yanakimbilia huko, lakini pointi huamuliwa chini. Mstari wa pointi tatu una upana wa sentimita 5, na ukingo wake wa nje uko mita 6.75 kutoka usawa wa katikati ya kikapu. Mstari wenyewe si sehemu ya eneo la pointi tatu. Ncha ya kiatu ikiugusa mstari wakati mchezaji anaruka, ni mbili. Mchezaji akiruka kutoka nje ya mstari, akaachia mpira akiwa hewani na kutua ndani, ni tatu, kwa sababu aliye hewani anahesabiwa kuwa bado yupo pale alipoikanyaga sakafu mara ya mwisho.

Pembeni ndiko makosa yanakozaliwa. Kule mstari wa pointi tatu unakwenda sambamba na mstari wa pembeni, na nafasi kati yake ni sentimita 90 tu. Mchezaji mwenye kiatu cha sentimita 30 aliyepanua miguu yake ana nafasi ndogo sana kabla kisigino kimoja hakijagusa nje au kidole kimoja hakijagusa ndani. Mwamuzi aliye upande ule akiinua macho mapema kuufuata mpira, amepoteza jibu na hatalipata tena, isipokuwa pale penye marudio ya picha. Katika mashindano kama BAL, ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, waamuzi wanaweza kwenda kwenye skrini kuthibitisha kama kikapu ni cha mbili au cha tatu. Kwenye ligi ya mkoa skrini ni macho ya mwamuzi, basi ayashushe miguuni kwanza, asubiri mpira uachiwe, ndipo ayainue.

Kuna jambo linalowapata wengi hapa. Mpira wa shuti kutoka nje ya mstari ukiguswa na beki aliye ndani, wakati bado unapanda, kisha ukaendelea na kuingia, unabaki kuwa wa pointi tatu. Na kinyume chake: shuti lililopigwa kutoka ndani, likaguswa na beki aliyeruka kutoka nje ya mstari, linabaki la pointi mbili. Kuguswa katikati ya safari hakubadilishi pale safari ilipoanzia.

Kinachobadilisha ni ringi. Shuti la pointi tatu likigonga ringi na kurudi juu, shuti hilo limekwisha. Mshambuliaji akiugonga mpira kwa vidole akiwa ndani ya eneo la pointi mbili na ukaingia, ni pointi mbili zake yeye. Na hapa ndipo watazamaji wa NBA wanapopiga kelele bure. NBA inaukinga mpira hata baada ya kugusa ringi, ukiwa bado juu ya nafasi ya kikapu. FIBA haifanyi hivyo. Chini ya FIBA, mpira ukishagusa ringi katika mchezo wa kawaida, beki anaweza kuufagia kutoka juu ya ringi na mshambuliaji anaweza kuutumbukiza, mradi asiguse ringi au ubao wakati mpira ungali umegusana na ringi, asipitishe mkono kikapuni kutoka chini kuugusa mpira, na asiuguse ukiwa tayari ndani. "Ndani" maana yake sehemu hata ndogo ya mpira imeshuka chini ya usawa wa ringi.

Tukio lako la pili sasa. Mtupo huru wa mwisho una tabia ya pekee: unaanza ukiwa wa pointi moja na unaweza kuishia kuwa wa mbili. Kabla haujagusa ringi, hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Beki akiugusa katika hatua hiyo, timu ya mtupaji inapewa pointi moja, na juu yake beki anaandikiwa faulo ya kiufundi. Lakini ukishagusa ringi na kisha mchezaji yeyote akaugusa kihalali kabla haujaingia, si mtupo huru tena. Ni mpira wa mchezo, na ukiingia ni pointi mbili.

Kwa hiyo beki wako alipoufukuza mpira ukaangukia kikapuni, aliwafungia wapinzani pointi mbili kwa bahati mbaya. Mtupaji hapati chochote. Mtupo wake umekosa. Pointi mbili zinaandikwa kwa nahodha wa timu iliyofaidika, yule aliyeko uwanjani wakati huo. Zingatia neno hilo, uwanjani. Nahodha mwenye jina kwenye karatasi akiwa benchi, unamwandikia mchezaji ambaye kocha amemtaja kushika nafasi yake. Ukiwa mezani na hukusikia ametajwa nani, mwite mwamuzi mpira ukifa, umuulize, usibahatishe namba.

Kwenye skoashiti unafanya hivi: usijaze duara jeusi, maana hilo ni la mtupo huru ulioingia. Unapiga mstari wa mshazari juu ya jumla mpya, mbili mbele ya ile ya awali, na pembeni yake unaandika namba ya huyo nahodha. Usiizungushie namba hiyo duara, kwa sababu duara kuizunguka namba ni alama ya pointi tatu. Watu wengi wakiwa na haraka huandika moja ya mtupo na mbili za beki, jumla tatu, kisha mwisho wa robo ubao na karatasi vinakataana.

Kujifunga kwa bahati mbaya katika mchezo wa kawaida ni hivyo hivyo: pointi mbili, nahodha wa wapinzani aliyeko uwanjani. Kujifunga kwa makusudi ni habari nyingine. Ni ukiukaji, kikapu hakihesabiwi, na wapinzani wanapewa mpira. Hapa nia inaulizwa. Januari 1962, katika Kombe la Mabingwa la Ulaya, Real Madrid walikuwa Varese nchini Italia, wamefungana 80 kwa 80 zikiwa zimebaki sekunde chache. Kocha Pedro Ferrándiz hakutaka muda wa nyongeza, kwa sababu kikosi chake kilikuwa kimepungukiwa wachezaji muhimu na kulikuwa na mchezo wa marudiano nyumbani. Akamwagiza Lorenzo Alocén ajifunge. Wakapoteza 82 kwa 80, tofauti ya pointi mbili tu, na marudiano Madrid wakashinda kwa tofauti kubwa na kusonga mbele. Baada ya hapo FIBA ikaifunga njia hiyo.

Mwamuzi anaipimaje nia? Beki anayeruka katikati ya watu, mkono juu, mpira ukamponyoka: hiyo ni bahati mbaya, hata kama inaonekana ya ajabu. Mchezaji aliye peke yake, hana anayembana, akageukia kikapu chake na kuweka leyapu safi, shuti la karibu kabisa na kikapu: huyo amekusudia. Palipo na shaka ya kweli, kihesabu. Makusudi lazima yaonekane.

Tukio la tatu lina namba isiyobembelezwa: 0.3. Saa ikionyesha sekunde 0.3 au zaidi, mchezaji anaweza kudaka mpira uliorushwa kutoka nje, au ribaundi (mpira uliorudi) ya mtupo huru wa mwisho, na kupiga shuti. Kilichobaki ni kuangalia kama mpira umemtoka mkononi kabla ya honi. Saa ikionyesha 0.2 au 0.1, kudaka na kupiga hakuruhusiwi hata kidogo. Njia halali ni mbili tu: kuugonga mpira ukiwa hewani bila kuudaka, au kuupokea juu ya ringi na kuutumbukiza moja kwa moja kwa danki, na mikono iwe imeuachia kabla saa haijasoma sifuri.

Sababu iko kwenye kidole cha mwenye saa. Saa inaanza mpira unapomgusa mchezaji aliye uwanjani. Jicho la mwenye saa lione, kidole kibonye: sehemu ya sekunde imeshapita na saa bado imesimama. Mchezaji aliyedaka, akageuka, akapiga, "kabla ya honi", kwa kweli ametumia muda mrefu kuliko 0.2, ni saa iliyochelewa. Marekani walilijua hili tarehe 15 Januari 1990, pale Trent Tucker wa New York Knicks alipopokea mpira dhidi ya Chicago Bulls saa ikiwa na sekunde 0.1, akageuka na kufunga tatu zilizowapa ushindi wa 109 kwa 106. NBA ikaweka kikomo chake cha 0.3, na FIBA nayo inacho.

Kwa hiyo mwamuzi wako hakuhitaji hata kusikiliza honi. Alihitaji kuona jambo moja, kama mchezaji aliudaka. Ushauri wangu kwa waamuzi: saa ikisimama chini ya 0.3, waambieni makocha wote wawili kabla ya mpira kurushwa, tena kwa sauti, "kugonga au danki tu". Dakika za malalamiko zinaokolewa kwa sentensi hiyo moja.

Honi ikilia shuti likiwa tayari hewani, mpira haufi. Unaendelea kuwa hai mpaka uingie au iwe wazi kwamba hauingii. Ukigonga ringi, ukaruka juu, ukarudi na kuingia, ni halali. Katika hali hii FIBA inawakataza wachezaji wote kuugusa baada ya kugonga ringi wakati bado una uwezekano wa kuingia. Ule uhuru niliousema hapo juu unaondoka. Ila ukidunda sakafuni baada ya honi kisha ukaingia, hauhesabiwi, kwa sababu shuti lilikwisha lilipogusa sakafu.

Firimbi ya faulo nayo haiui shuti lililo hewani. Mshambuliaji akimgonga beki baada ya mpira kumtoka mkononi na ukaingia, pointi zinabaki na faulo anaandikiwa. Akimgonga kabla ya kuuachia, hakuna kikapu. Beki akifanya faulo, hata kwa mchezaji mwingine aliye mbali na mpira, wakati mpigaji ameshaanza tendo la kupiga, akalimalizia katika mwendo huohuo, kikapu kinahesabiwa. Asianze tendo jipya baada ya firimbi. Akishasimama, akachuchumaa upya na kupiga, hapo amechelewa, na umati ushangilie usishangilie, hakuna pointi.

Yaliyobaki ni mepesi. Mpira uliorushwa kutoka nje ukiingia kikapuni moja kwa moja bila kumgusa mtu ni ukiukaji. Mpira ukinasa kati ya ringi na ubao, tazama mshale wa meza uone nani anapewa. Mchezaji akiupitisha mpira wote kikapuni kutoka chini kwenda juu, ni ukiukaji. Na kila mpira unaoingia lakini kikapu kikakataliwa huku mchezo ukiendelea, unarushwa kutoka pembeni, usawa wa mstari wa mtupo huru.

Rudi kwenye meza yako. Ile pasi ya kwanza ina mtego ambao hukuutaja, na naamini ulikupata. Shuti la pointi tatu likipigwa, mwamuzi huinua mkono mmoja na vidole vitatu mpira ukiwa hewani, kisha huinua mikono yote miwili ukiingia. Katika pasi, mkono wa kwanza haukuinuliwa, kwa sababu hakuna aliyedhani ni shuti. Mwandishi aliyezoea kuusubiri mkono ule anaandika mbili na kuendelea. Mwamuzi lazima ageukie meza na kuonyesha mikono yote miwili waziwazi, na wewe usiandike kabla hujaiona.

Kosa likitokea, jua ni la nani, maana muda wa kulirekebisha unatofautiana. Kama mwamuzi mwenyewe alitoa pointi zisizo sahihi au alifuta zilizostahili, lazima ligundulike kabla mpira haujawa hai tena kufuatia mara ya kwanza ulipokufa baada ya saa kuanza kutembea. Muda huo ukipita, zimeshakaa. Lakini kama mwamuzi alionyesha tatu na kalamu yako ikaandika mbili, hilo ni kosa la uandishi, na linarekebishwa wakati wowote kabla mwamuzi mkuu hajatia saini skoashiti. Na kama timu inaamini kosa la kuandika matokeo limeiumiza na waamuzi hawakulirekebisha, nahodha wake anamwarifu mwamuzi mkuu ndani ya dakika 15 baada ya mchezo kwisha, na kusaini katika nafasi ya nahodha kwa ajili ya rufaa. Kwa hiyo usiikunje karatasi mchezo unapoisha. Jumlisha robo kwa robo, linganisha na ubao, pitia kila namba uliyoizungushia duara, ndipo umpe mwamuzi kalamu.